Bima Kigoma: maswali ya wenye maduka, boti na magari yanayovuka Manyovu

Majibu haya ni kwa wafanyabiashara wa Kigoma Ujiji, Kasulu, Buhigwe, Uvinza na mialo ya ziwani. Bei zilizotajwa ni za Tanzania Bara. Mifano ya hesabu ni mifano tu. Weka takwimu zako.

Nitajuaje kwamba bima niliyouziwa ni halali?

Usiishie kwenye karatasi. Stika za magari siku hizi ni za kielektroniki, na kila bima ya gari inaandikwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) unaoitwa TIRA MIS. Fungua mfumo huo kwa simu, ingiza namba ya gari au namba ya stika, kisha soma kinachotokea: jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Askari wa usalama barabarani anaangalia hapohapo. Kama mfumo hauoni kitu, huna bima, hata kama karatasi ina muhuri.

Malipo nayo yaende kwa kampuni kupitia namba ya malipo au akaunti yake. Wakala anayesema "nitumie kwenye namba yangu, nitakulipia jioni" anakuacha bila kinga hadi hiyo jioni, na pengine hadi kesho. Bima haikopeshwi: bila ada iliyolipwa, kinga haijaanza.

Wakala, dalali na benki: niende kwa nani?

Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe, na anaweza kukutafutia bei kwenye kampuni kadhaa. Benki nazo zinauza bima kwa leseni ya uwakala. Kwa pikipiki au gari dogo, wakala anatosha. Kwa ghala, boti au mzigo unaokwenda Kalemie, Congo, tafuta dalali, hata kama yuko Mwanza au Dar es Salaam. Mara nyingi malipo yake yanatoka kwenye ada uliyokwisha lipa, kwa hiyo hakuongezei gharama, na siku ya madai ndiye anayeshika faili.

Bima ndogo na bima kubwa ni bei gani?

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inamlipa uliyemgonga, gari lako hailigusi. Kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 unalipa 118,000 kwa mwaka.

Bima kubwa kwa gari la binafsi hukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la milioni 20: ada 700,000, VAT 126,000, jumla 826,000. Sasa hapa ndipo watu wanapojiumiza. Anataja milioni 12 ili alipe kidogo, gari linagongwa, fundi anasema matengenezo ni milioni 5, na kampuni inalipa kwa uwiano wa 12 kwa 20. Kuna na wa upande wa pili: anataja milioni 30 akidhani likiisha kabisa atalipwa 30. Hatalipwa. Analipwa thamani ya soko ya siku ya ajali, na ada ya ziada imekwenda bure. Kila unapohuisha, angalia magari ya namna hiyo yanauzwa bei gani mwaka huo.

Nimeandika "matumizi binafsi" lakini Noah yangu inapiga Kasulu na abiria.

Basi umenunua bima ya gari jingine. Gari la abiria wa kulipa lina ada yake inayohesabu na viti, na kampuni inaposikia abiria walitoa nauli huwa na sababu ya kukataa kulipa gari lako. Majeruhi wa nje wanaweza kulipwa kwa sababu sheria inawalinda, kisha kampuni ikakugeukia wewe irudishiwe. Bodaboda na bajaji ni vilevile. Tofauti ya ada ni ndogo mno ukiilinganisha na kesi moja ya mguu uliovunjika.

Na fomu ya maombi usimwachie wakala ajaze peke yake. Sahihi ni yako. Makosa mengi yanayokuja kuua madai yaliingia siku hiyo ya kwanza, mtu akiwa amesimama mlangoni na haraka zake.

Nimepata ajali. Nianzie wapi?

Majeruhi kwanza, na PF3 kwa ajili ya hospitali. Halafu polisi, wapime na kuchora mchoro wa ajali kabla magari hayajasogezwa, labda iwe yanahatarisha watu. Piga picha: namba za magari, alama za matairi, barabara pande zote mbili, leseni ya dereva mwenzio na stika yake.

Siku hiyohiyo au kesho yake toa taarifa kwenye kampuni, kwa maandishi. Ujumbe wa simu wenye tarehe unafaa kuanzia. Kisha ujaze fomu ya madai na kuambatanisha leseni ya udereva, kadi ya gari, taarifa ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari na makadirio ya gereji. Usitengeneze kitu kabla mtathmini hajaona. Akichelewa kufika Kigoma, na huchelewa kweli, omba kibali cha kutengeneza kwa picha na uhifadhi vipuri vilivyotolewa. Bampa iliyovunjika ni ushahidi.

Na usimwambie mwenzio "kosa langu, nitalipa." Mikataba karibu yote inakukataza kukiri au kuahidi kwa niaba ya kampuni.

Naendesha hadi Bujumbura. Bima yangu inavuka Manyovu?

Haivuki yenyewe. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huu, pamoja na Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Ichukue kwenye kampuni iliyokukatia bima, kabla hujatoka mjini, na hakikisha nchi unazopita hazijafutwa kwenye kadi na tarehe zake haziishi ukiwa upande wa Mugina, Burundi.

Kadi hiyo inafanya mambo mawili: inabeba dhima yako kwa mtu wa tatu kwa kufuata sheria ya nchi uliyomo, na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wako. Gari lako hailitengenezi. Ukitaka bima kubwa ikufuate Burundi, omba kampuni iongeze eneo kwenye mkataba, kwa maandishi.

Ajali ikitokea kule, taarifa ya polisi itaandikwa Kifaransa. Omba nakala yenye muhuri kabla hujaondoka, kwa sababu kuirudia ukiwa Kigoma ni safari nyingine, kisha itafsiriwe. Madai ya Mrundi uliyemgonga yanashughulikiwa na ofisi ya Kadi ya Njano ya hukohuko. Usilipe fedha mkononi barabarani ukitegemea kurudishiwa.

Majirani zetu soko lao likoje? Nina wateja pande zote mbili.

Burundi ni soko dogo lenye kampuni chache, na shirika kongwe, SOCABU, limekuwepo tangu miaka ya 1970. Congo ilikuwa na shirika moja tu la serikali, SONAS, tangu 1967. Sheria ya 2015 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi. Msimamizi wa Burundi anaitwa ARCA, na wa Congo naye ni ARCA, kwa hiyo mteja akikutumia hati yenye jina hilo uliza kwanza ni ya nchi gani. Kwetu ilikuwa hivyohivyo: Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilishika soko lote tangu 1967, ushindani ukarudi kwa sheria ya 1996, na sheria tunayoitumia sasa ni Na. 10 ya 2009.

Duka langu Mwanga lina mali ya milioni 60, nimekata bima ya milioni 30. Likiungua nusu nitalipwa yote?

Hapana, na hili ndilo swali linaloleta ugomvi kuliko yote. Mikataba ya moto ina sharti la uwiano. Umekatia bima nusu ya mali, basi unahesabiwa umejikatia mwenyewe nusu nyingine. Hasara ikiwa milioni 20:

30 ÷ 60 × 20 = milioni 10

Kwenye hiyo 10 inatolewa sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema unabeba wewe. Ikiwa ni asilimia 10, mkononi unabaki na milioni 9. Kumbuka ada uliyookoa ilikuwa laki chache.

Mali inakatiwa bima kwa bei ya kununulia pamoja na gharama ya kuifikisha Kigoma, si bei ya kuuzia. Faida ina bima yake tofauti. Mwenye usajili wa VAT analipwa bila VAT, kwa kuwa hiyo anaidai kwingine. Mali yako ikipanda na kushuka, mathalani unajaza ghala mawese wakati wa mavuno au vitenge kabla ya sikukuu, taja kiwango cha juu kabisa utakachofikia, au omba mkataba wa kutoa taarifa ya mali kila mwezi na ada kurekebishwa mwishoni.

Halafu ushahidi. Daftari la stoo linaloungua pamoja na stoo halimsaidii mtu. Kila Jumamosi piga picha kurasa za wiki na rafu zenyewe, uzitume kwenye barua pepe yako. Risiti za EFD za manunuzi nazo. Mtathmini hatafuti kukunyima. Anatafuta namba ambayo mkuu wake Dar es Salaam hataweza kuihoji.

Mengine yanayoangusha madai ya duka: nyaya zilizovutwa na fundi asiye na leseni, petroli au mitungi ya gesi iliyowekwa dukani bila kutajwa kwenye fomu, kizima moto kilichoisha muda wakati mkataba ulikidai, na duka kuhamishiwa fremu ya tatu bila kampuni kuambiwa.

Maji ya ziwa yakiingia ghalani?

Bima ya moto peke yake hailipi. Mafuriko huongezwa kama majanga ya ziada, na lazima neno "mafuriko" lionekane kwenye orodha. Tangu Tanganyika lilipopanda na kula kingo zake miaka hii ya karibuni, kampuni zinauliza umbali wa jengo kutoka majini, na za Kibirizi au Katonga zinaweza kukataa, kupandisha ada au kudai mali ipangwe juu ya mbao, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni. Likiwa sharti, litekeleze. Maji yanayopanda polepole kwa miezi, ukiyaona, kampuni inaweza kusema hayo si ajali. Ukisubiri maji yafike mlangoni ndipo ununue, utakataliwa, na hapo kampuni haina kosa.

Napeleka saruji na unga Kalemie kwa boti. Nichukue bima gani ya mzigo?

Kuna ngazi tatu zinazotumika duniani kote, zinaitwa A, B na C.

C ndiyo ya chini: moto, chombo kuzama, kupinduka, kukwama au kugongana, na mzigo uliotoswa ili kuokoa chombo. B inaongeza mzigo uliofagiliwa na mawimbi, maji ya ziwa yaliyoingia ndani ya chombo, na kifurushi kilichopotea chote wakati wa kupakia au kupakua. A inabeba hatari zote isipokuwa zilizokatazwa kwa jina, hivyo wizi na kuvunjika vimo.

Kwa saruji na unga, C ni sawa na kununua mwavuli wenye tundu. Hasara ya kawaida ziwani ni maji, na boti haijazama. Mawimbi yameruka ubavuni, turubai limevuja, mifuko 80 imeganda. Angalau chukua B. Kwa simu, vipodozi na vipuri chukua A.

Hakuna ngazi inayolipa mzigo uliofungwa vibaya, bidhaa iliyooza yenyewe, kupungua uzito kwa kawaida, au hasara ya kuchelewa. Dagaa waliokaushwa nusu wakaota ukungu njiani hiyo ni asili ya bidhaa. Mzigo wa juu ya sitaha lazima utajwe kuwa uko juu ya sitaha. Ukikaa kimya, utajibiwa kimya.

Thamani hukokotolewa hivi: bei ya bidhaa, jumlisha nauli na bima, ongeza asilimia 10. Mifuko 400 ya saruji kwa 20,000 ni milioni 8. Nauli milioni 1.2, jumla milioni 9.2, asilimia 10 ni 920,000. Kata bima ya takriban 10,120,000, ukiongeza na ada yenyewe.

Kuhusu vita vya mashariki mwa Congo: vita vimetolewa kwenye A, B na C zote. Vinanunuliwa kwa nyongeza, na nyongeza hiyo inakinga mzigo ukiwa juu ya chombo cha majini tu. Ukishapakuliwa na kulala kwenye ghala la Kalemie au Uvira, kinga ya vita haipo.

Mzigo ukifika umeloa, usisaini hati ya kupokea bila kuandika "umepokelewa ukiwa umeharibika" pamoja na idadi. Mwandikie mwenye boti barua ya kumdai siku hiyohiyo. Kampuni itakulipa wewe kisha imdai yeye. Ukiwa umempa risiti safi umewafungia njia, na wanaweza kukata kwenye malipo yako. Mifuko iliyoharibika usiitupe.

Boti yenyewe je?

Inawezekana, ingawa kampuni nyingi hazipendi boti za mbao. Andaa usajili na cheti cha ukaguzi kutoka Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), namba ya injini, picha za nje na ndani, mwaka wa kujengwa, idadi ya jaketi okozi na jina la nahodha. Chombo chenye cheti kilichoisha hakilipwi kikizama, na chenye abiria kuliko kibali ndio kabisa. Uliza mambo mawili kwa maandishi: injini ya nje ikiibwa mwaloni usiku inalipwa kwa sharti gani (mara nyingi ni lazima iwe imefungwa kwa kufuli), na ikichomoka ikadondoka majini ikoje. Hilo la pili mara nyingi halilipwi.

Uvuvi ukifungwa, kama miezi mitatu ya 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kipato kilichokosekana hakina bima. Ila boti ikiwa nchi kavu muda huo, omba kupunguziwa ada. Wengine hukubali, mradi uwaambie kabla.

Ni bima zipi nalazimishwa na sheria?

Ya chombo cha moto tumeitaja. Mwaka 2022 Sheria ya Fedha iliongeza majengo ya biashara, masoko ya umma, bidhaa zinazoingizwa nchini, na meli na vivuko. Anayeingiza bidhaa anatakiwa akate bima ya mzigo kwa kampuni ya Tanzania, kwa hiyo muuzaji wa nje akikuambia bei yake "ina bima ndani", mwombe aitoe na apunguze bei.

Mwenye wafanyakazi anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), asilimia 0.5 ya mishahara, na anayelipa ni mwajiri, haikatwi kwa mfanyakazi. Wapakiaji wa mwaloni unaowalipa kwa siku nao ni wafanyakazi. Afya ina sheria yake ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Ukurasa huu hauigusi.

Benki ilinikata fedha ya bima kwenye mkopo. Inanisaidia nini?

Kwa kawaida inalipa deni lililobaki ukifariki au kupata ulemavu wa kudumu. Duka likiungua haihusiki, isipokuwa kama walikukata na ya moto. Omba nakala ya cheti cha bima na mwonyeshe mwenza wako, maana wapo wajane walioendelea kulipa rejesho la deni lililokuwa na bima. Warithi watahitaji cheti cha kifo na taarifa ya mkopo.

Tumbaku Kasulu, mahindi Kibondo: kuna bima?

Ipo, na rahisi zaidi kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kuliko mkulima mmoja mmoja. Kampuni kadhaa ziliungana mwaka 2023 kuunda konsotia ya bima ya kilimo, TAIC. Bima ya mazao imesamehewa VAT. Uliza kama ni ya kipimo cha mvua au ya kukagua shamba. Ya kipimo hulipa takwimu za satelaiti au kituo zikionyesha ukame, hata shamba lako likiwa zuri. Na haikulipi shamba lako likiwa limekauka na takwimu za eneo zikiwa nzuri. Mvua ya mawe kwenye tumbaku inahitaji ya kukagua. Bani (banda la kukaushia tumbaku) likiungua hiyo ni bima ya moto, siyo ya zao.

Kwa nini madai makubwa lazima yaende Dar es Salaam?

Ofisi ya Kigoma ina kikomo cha kuidhinisha. Na kampuni yenyewe haibebi hatari peke yake: sehemu inapelekwa kwenye kampuni za bima mtawanyo, kwa lazima asilimia 5 kwa Africa Re na asilimia 10 kwa Zep-Re, mbali na TAN-RE ya hapa nyumbani na nyingine za hiari. Dai kubwa linasubiri na hao. Soko letu lote, ada zake kwa mwaka ni kama asilimia 2 tu ya pato la taifa, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kuunguliwa na soko zima la mji na ikalipa kutoka mfukoni. Unachoweza kufanya ni kupeleka faili kamili mara moja. Faili linalorudishwa mara tatu kwa karatasi moja moja ndilo linalomaliza miezi.

Wamekataa kulipa. Nifanyeje?

Dai sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha mkataba. "Haiwezekani" ya mdomo si jibu. Kisome kifungu, kisha andika barua ya kupinga kwa ofisi kuu, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au kushikilia msimamo, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatanisha mkataba, risiti ya ada, fomu ya madai na barua zote kwa mpangilio wa tarehe.

Jihadhari na hati ya kukubali malipo. Ina maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukishasaini ili upate haraka milioni 4 wakati unaamini ni 7, zile 3 zimekwisha. Kama ni sehemu tu, andika juu yake kwamba ni malipo ya sehemu kabla ya kusaini, na kama hawakubali, usisaini siku hiyo.